Tumewapandia maua, tukasahau udongo wao

Kila kampeni ya kuwaokoa nyuki huanza na mbegu za maua. Hakuna ubaya, maana nyuki asiye na ua hana chakula. Lakini ua ni nusu tu ya maisha yake, tena ile nusu iliyo rahisi. Nusu ngumu ni mahali pa kutaga: kipande cha udongo mkavu ambacho jembe halijakigusa, shina lililokauka likaachwa limesimama, gogo lililotobolewa na mbawakawa, hata ganda tupu la konokono. Tunawapoteza nyuki wa porini na nyigu wapweke kwa kuwa hatujui wanalala wapi, na hatujui wanalala wapi kwa kuwa hatujui ni akina nani. Uainishaji, ambao wengi wanauona kuwa shughuli ya makabati ya makumbusho, ndio njia fupi kuliko zote ya kukifikia kiota. Ukilijua jina la jenasi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, mara nyingi umekwisha kuijua nyumba, na ukiijua nyumba unajua la kufanya kesho asubuhi.

Tukisema nyuki, akili inakimbilia mzinga. Nyuki wa asali, Apis mellifera, ni spishi moja kati ya zaidi ya 20,000 zilizopewa majina ya kisayansi. Walio wengi kati ya hao wengine hawana malkia, hawana vibarua, wala hawana asali ya kuvuna. Jike huchimba tundu lake au hulitafuta, hukusanya chavua na mbochi, hukanda donge, hutaga yai moja juu yake, huziba chumba, huanza kingine. Kazi hiyo huifanya kwa wiki chache kisha hufa, mara nyingi kabla watoto wake hawajatoka. Katika maisha yake yote hutaga mayai kumi, ishirini, mara chache yakazidi thelathini, ilhali malkia wa nyuki wa asali anaweza kutaga zaidi ya elfu moja kwa siku moja. Mzinga ukipata hasara unaweza kujijaza upya ndani ya msimu huohuo. Nyuki wapweke wakilimiwa viota vyao, hakuna akiba ya kuziba pengo.

Nyigu nao tunawajua kwa wale wachache wanaokaa kwa makundi na kumvamia mtu anayetikisa tawi lao. Nyigu wengi hawako hivyo. Wanaishi mmoja mmoja, hawalindi kiota kwa kuchoma watu, na mwiba wao kazi yake ya kwanza ni kupooza mawindo. Isitoshe, kwa ukoo hatuwezi kuwatenga na nyuki hata tungetaka: nyuki ni nyigu walioacha nyama. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, ukoo mmoja wa nyigu wawindaji uliacha kuwapelekea watoto wadudu waliopoozwa, ukaanza kuwapelekea chavua. Uchambuzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2018 uliwaweka jirani kabisa na nyuki nyigu wadogo wa Ammoplanidae, wenye urefu wa milimita chache, wanaowinda thripsi. Thripsi hushinda ndani ya maua, wamejaa chavua miilini. Si vigumu kuona njia ilivyopita hapo.

Uchambuzi huohuo uliivunja familia kubwa iliyokuwa ikiitwa Crabronidae, maana ilionekana wazi kwamba baadhi ya waliowekwa humo ni ndugu wa nyuki kuliko walivyo ndugu wa wenzao. Sasa kuna Philanthidae, Bembicidae, Pemphredonidae, Psenidae na nyingine. Jambo hili lina athari ya moja kwa moja kwa anayefanya kazi hii: funguo nyingi za utambuzi, yaani miongozo ya kumtambua mdudu hatua kwa hatua, na lebo nyingi za makumbusho bado zina majina ya zamani. Ukilinganisha orodha mbili za sehemu moja bila kusawazisha majina kwanza, utahesabu familia zilizoongezeka au kupungua ambazo hazikuongezeka wala kupungua.

Kumtofautisha nyuki na nyigu, watu hutazama manyoya, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Nyuki wa jenasi ya Hylaeus ni weusi, wembamba, karibu hawana nywele kabisa. Chavua wanaimeza na kwenda kuitapika kiotani. Nyuki wa Nomada, wanaotaga ndani ya viota vya nyuki wengine, wamepakwa njano na wekundu wa nyigu na hawana kifaa chochote cha kubebea chavua. Alama ya kuaminika inahitaji lenzi: nywele za nyuki, angalau baadhi yake, zimetawika kama unyoya wa ndege, ilhali za nyigu ni sindano tupu zisizo na matawi. Alama ya pili iko kwenye wayo wa mguu wa nyuma, ambako pingili ya kwanza kwa nyuki ni pana na bapa kuliko zinazoifuata. Na kabla ya yote hesabu mabawa. Nyuki na nyigu wana manne. Mdudu wa mistari ya njano mwenye mabawa mawili na vipapasio vifupi ni nzi, hata akivuma namna gani.

Jinsia nayo ijulikane mapema, maana funguo nyingi hugawanyika hapo. Jike ana pingili 12 katika kila kipapasio, dume 13. Dume hana mwiba, kwa kuwa mwiba ni neli ya kutagia iliyobadilika kazi.

Familia za nyuki ni saba. Stenotritidae ni ndogo na inapatikana Australia peke yake. Megachilidae utaijua kwa brashi ya chavua iliyo chini ya tumbo la jike, na kwa bawa la mbele lenye vyumba viwili tu chini ya ukingo wake, pale ambapo wengine wengi wana vitatu. Halictidae ina vena (mshipa) ya msingi ya bawa la mbele iliyopinda sana, kama upinde uliovutwa. Andrenidae ina mistari miwili midogo inayoshuka usoni kutoka kila kipapasio, si mmoja, na majike wa Andrena wana kishimo chenye vinyweleo laini kama mahameli kando ya kila jicho. Apidae ndiyo inayobeba nyuki wa asali, nyuki wasiouma, nyuki bambi wa Bombus, nyuki seremala wa Xylocopa na nyuki wachimbaji wa Amegilla. Hizo alama za vena na mistari ya uso ndizo huwachosha wanaoanza, lakini ukizizoea, kumweka nyuki katika familia yake ni kazi ya dakika moja.

Colletidae inastahili kukaliwa kidogo zaidi, kwa sababu historia yake inaonyesha jinsi umbo linavyoweza kuwadanganya hata mabingwa. Ulimi wake ni mfupi na ncha yake imegawanyika pande mbili, kama ulimi wa nyigu. Tangu William Kirby alipowagawa nyuki wa Uingereza mwaka 1802 katika makundi mawili, wenye ulimi mfupi na wenye ulimi mrefu, ulimi ukawa rula ya kupimia ukale. Kwa muda mrefu wataalamu wengi walishikilia kwamba Colletidae ndio nyuki wa kale kuliko wote. Jeni zilipofika, nafasi hiyo ya chini kwenye mti wa ukoo ilikwenda kwa Melittidae, familia yenye spishi takriban 200 tu. Ulimi wa Colletidae haukubaki wa kale, ulibadilika kwa ajili ya kazi. Ni brashi ya mpakaji. Jike wa Colletes huchimba shimo ardhini, kisha hupaka kuta za chumba kwa majimaji ya tezi yake ambayo hukauka yakawa utando mwembamba, mwangavu, wa poliesta halisi. Ukiutoa mzima kwenye udongo unafanana na kifuko cha plastiki cha ukubwa wa punje ya njugu. Ndani yake mna uji wa chavua na mbochi, na yai limebandikwa ukutani juu ya uji, lisizame. Utando huo unamwezesha kuzaa katika udongo wenye unyevu ambao ungeozesha chakula cha nyuki asiye na kinga hiyo. Kwa hiyo unaposikia Colletes, usitafute tundu la mbao. Tafuta ukingo wa mto au kilima cha mchanga.

Hivyo ndivyo jina linavyofanya kazi. Andrena wote, na ni zaidi ya spishi 1,500, huchimba ardhini. Halictidae karibu wote vilevile, isipokuwa wachache wa mbao zilizooza. Ceratina hukaa ndani ya mashina makavu yenye moyo laini, na hawezi kuingia hadi shina limevunjika au limekatwa. Xylocopa wengi, ambao watu huwaita pia duduvule, hutoboa mbao imara zilizokauka kwa taya zao wenyewe. Osmia wengi hawachimbi, hutumia matundu waliyoyakuta, na wachache wao hutaga ndani ya maganda ya konokono tu. Megachile wa kukata majani hukata vipande vya aina mbili: vya mviringo mrefu kwa ajili ya ukuta na vya duara kamili kwa ajili ya kifuniko. Ukipata jani lenye pengo safi kama lililokatwa kwa mkasi, huo ni uashi, si ugonjwa, na dawa ya kunyunyizia haihitajiki.

Ukijumlisha nyuki wote wanaojijengea viota, takriban robo tatu wako ardhini. Linganisha na tunachofanya. Tunawauzia watu vibanda vya matundu, tunasema ni nyumba za nyuki, ilhali vinawafaa wachache wa robo iliyobaki. Katika jiji la Toronto watafiti waliwahi kufuatilia karibu vibanda 600 kwa miaka mitatu, wakapata nyuki na nyigu zaidi ya 27,000. Karibu nusu ya nyuki walikuwa wa spishi zilizoletwa kutoka nje, na karibu robo tatu ya vibanda vilitumiwa na nyigu wa asili. Sioni ubaya wowote wa hao nyigu. Ubaya ni kumwambia mtu kwamba akishatundika kibanda amewatunza nyuki wa eneo lake, halafu siku hiyohiyo anafunika kila shubiri ya udongo kwa matandazo na vigae.

Kibanda kinaweza kusaidia kikitengenezwa vizuri, na vingi havitengenezwi vizuri. Kosa la kwanza ni urefu. Kwa wadudu hawa mayai yaliyorutubishwa huwa majike, yasiyorutubishwa huwa madume, na mama huchagua. Majike huwaweka ndani kabisa, madume karibu na mlango kwa sababu hutoka kwanza. Tundu la sentimita tano au sita humfanya aweke madume wengi mno, na kibanda kikageuka kiwanda cha madume. Toboa sentimita 15. Kipenyo kiwe mchanganyiko wa milimita 3 hadi 10, mengi yakiwa kati ya 4 na 8. Tumia mbao ngumu iliyokauka barabara, toboa ubavuni mwa gogo kuvuka nyuzi, wala si kwenye uso uliokatwa kwa msumeno, maana huko mipasuko huanzia katikati na kufungua kila tundu kwa unyevu na vimelea. Piga msasa midomo ya matundu, kwa kuwa kibanzi kimoja kinatosha kuchana bawa. Nyuma pazibwe. Mianzi ikatwe nyuma tu ya fundo ili fundo liwe ukuta. Mirija ya plastiki na kioo haipumui, ndani yake chavua huota ukungu.

Kosa la pili ni ukubwa na umri. Ukuta mzima wa matundu mia tano unavutia macho, lakini umewakusanya mahali pamoja wadudu ambao porini wangetawanyika, na vimelea hawahitaji tena kutafuta. Utitiri wa Chaetodactylus hula chavua na kuhama kutoka chumba hadi chumba. Nyigu wadogo wa Monodontomerus hutoboa kifukofuko na kutaga juu ya buu. Vibanda vidogo vitano vilivyoachana vina afya kuliko kimoja kikubwa, na kila kimoja kibadilishwe mirija, au mbao zake ziondolewe, baada ya misimu miwili. Kifungwe imara kisiyumbe, kielekee jua la asubuhi, kiwe na kipaa cha kuzuia mvua.

Kizibo cha mlango ni kitambulisho ambacho watu wengi hawakisomi. Utando mwangavu ni Hylaeus. Tabaka za majani mazima ni Megachile. Majani yaliyotafunwa yakawa kama uji mkavu mara nyingi ni Osmia. Pamba ya mimea iliyokwanguliwa kwenye majani yenye manyoya ni Anthidium. Utomvu wa mti unaweza kuwa wa nyuki wadogo wa Heriades au wa nyigu wa Passaloecus anayewinda vidukari. Fungu la nyasi ndefu lililochomoza kama ufagio ni nyigu wa Isodontia, na ndani amehifadhi panzi na nyenje. Tope ndilo gumu: Osmia wengine, nyigu wafinyanzi wa Eumeninae wenye viwavi, na Trypoxylon mwenye buibui, wote hutumia tope, na hapo inabidi kusubiri atoke.

Kwa nyigu, jina linakupa pia orodha ya chakula, na orodha hiyo ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Pompilidae, wenye spishi takriban 5,000, hula buibui tu, buibui mmoja kwa kila yai. Sceliphron, yule anayejenga mirija ya tope chini ya paa, hujaza kila chumba buibui wadogo wengi. Bembix huwinda nzi hasa, na tofauti na wenzake wengi huendelea kuwaletea watoto chakula siku baada ya siku kadiri wanavyokua. Ampulex compressa anamtaka mende: mchomo wa kwanza kifuani unalegeza miguu ya mbele kwa dakika chache, wa pili unaingia kwenye ubongo, na mende aliyeweza kukimbia hakimbii tena, anaongozwa kwa kipapasio hadi shimoni kama mbuzi kwa kamba. Ammophila huzika viwavi, kisha anafukia mlango kwa mchanga, anachukua kokoto kwa taya na kuupigapiga udongo hadi ushikane. Tazama hilo jambo kwa karibu angalau mara moja. Ni mdudu anayetumia kifaa, na jirani akipita hata asiweze kuona palikuwa na shimo.

Ufinyu huo wa chakula una matumizi. Cerceris fumipennis wa Amerika Kaskazini huwinda mbawakawa wa familia ya Buprestidae. Mbawakawa mharibifu Agrilus planipennis, aliyeingia kutoka Asia na kuua miti mingi ya Fraxinus, ni wa familia hiyo. Wakaguzi wa Marekani na Kanada wamewatumia nyigu hawa kama walinzi: wanakaa kando ya viota, mara nyingi kwenye mchanga wa viwanja vya besiboli, na kumnyang'anya nyigu mawindo yake ili kuona kama mharibifu amefika. Mtego wa bandia hufanya kazi vibaya kuliko jike huyu anayepekua vilele vya miti mchana kutwa. Lakini mlinzi huyu yupo tu pale ambapo kiwanja hakijamwagiwa lami.

Philanthus triangulum, mwindaji wa nyuki wa asali, ana somo la aina nyingine kwa anayesafisha bustani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Niko Tinbergen, mtafiti wa tabia za wanyama, alipanga duara la koni za misonobari kuzunguka mlango wa kiota, akasubiri jike aondoke, akalisogeza duara pembeni. Jike aliporudi alitua katikati ya duara, akatafuta mlango usiokuwepo. Anakariri alama zilizopo juu ya ardhi. Maana yake ni kwamba ukifagia, ukapanga upya mawe na kuokota vijiti mchana wa jua wakati majike wametoka, unawapotezea nyumba bila kugusa kiota hata kimoja. Kama lazima usafishe, fanya asubuhi na mapema, kabla hawajatoka.

Sasa udongo wenyewe. Wengi wa nyuki na nyigu hawa wanataka sehemu ya jua, isiyotuamisha maji, yenye mteremko kidogo, na majani machache au pasipo kabisa. Kina cha vyumba kwa kawaida ni kati ya sentimita 10 na 60. Trekta linalolima sentimita 30 linapita katikati ya vyumba vya wengi. Kutengeneza kipande kipya si kazi kubwa: chimba au inua mraba wa mita moja au zaidi, ujaze mchanga kwa kina cha sentimita 40 hadi 50, bila karatasi ya plastiki chini, kwa sababu plastiki hugeuza shimo kuwa karai. Mchanga uliooshwa, ule wa watoto kuchezea, haufai. Lowanisha konzi moja, ifinyange mpira, iache ikauke. Ikimomonyoka yenyewe, vichuguu navyo vitaporomoka. Ikiwa ngumu kiasi kwamba ukucha hauwezi kuikwangua, udongo wa mfinyanzi umezidi. Unachotaka ni mpira unaoshikana lakini unakwanguka. Magugu yang'olewe kwa mkono, theluthi moja ya eneo kwa mwaka, ili theluthi mbili zibaki na wenyewe. Mashina makavu nayo kata kwa urefu wa sentimita 30 hadi 60 na uyaache. Mwaka wa kwanza yanaingiwa, mwaka wa pili ndipo watoto hutoka. Anayeyachoma mwisho wa msimu anawachoma watoto hao.

Na kipande hicho kiwe karibu na maua. Nyuki wa asali huweza kwenda kilomita kadhaa. Nyuki wapweke wengi husafiri mita 150 hadi 600 tu kutoka kiotani, na wadogo hawafiki hata huko. Shamba la maua lililo kilomita mbili kutoka kwenye udongo unaofaa, kwao halipo.

Hata maua yenyewe yanadai jina. Kusini mwa Afrika kuna nyuki wa Melittidae wa jenasi ya Rediviva wanaokusanya mafuta kwenye maua ya Diascia. Mafuta yako mwisho wa vifuko viwili virefu vya ua, na baadhi ya majike wana miguu ya mbele mirefu kuliko mwili mzima, wanaiingiza yote miwili kwa pamoja kama mtu anayechota chini kabisa ya mitungi miwili. Pakiti ya mbegu mchanganyiko haina Diascia. Nyanya na biringani nazo hufungia chavua ndani ya neli zenye vitundu vidogo, na anayeweza kuitoa ni nyuki anayeshika ua kwa taya na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka: Xylocopa, Amegilla, Bombus, baadhi ya Halictidae. Nyuki wa asali hana ujuzi huo.

Ndiyo maana inasikitisha kuona mizinga ikiletwa kwenye hifadhi kwa jina la kuwasaidia nyuki. Mzinga wenye nguvu, kwa miezi mitatu, hukusanya chavua ambayo ingetosha kulea watoto 100,000 wa nyuki mpweke wa ukubwa wa wastani. Ufugaji ni kazi ya heshima na una mahali pake. Hifadhi ndogo ya nyuki wa porini si mahali pake.

Dawa za kilimo nazo hupimwa hasa kwa nyuki wa asali, ambaye hachimbi udongo. Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwaangalia nyuki wa maboga, Eucera pruinosa, wanaochimba viota humohumo shambani. Pale ambapo imidakloprid, dawa ya kuua wadudu, ilitiwa kwenye udongo wakati wa kupanda, majike walijenga viota pungufu kwa asilimia 85, na watoto wakapungua kwa asilimia 89. Hakuna kipimo cha mzingani kingeonyesha hilo. Dawa za udongoni na za kupaka mbegu zinapaswa kupimwa kwa spishi inayoishi udongoni, na kanuni inayokubali chini ya hapo haijawalinda nyuki.

Anayetaka kujua alichonacho asitegemee njia moja. Bakuli za manjano, nyeupe na bluu, zenye maji na tone la sabuni ili mdudu azame, hukamata Halictidae wadogo kwa wingi na kuwakosa nyuki wakubwa, na maua yakichanua kwa wingi mara nyingi hukamata wachache zaidi. Ongeza wavu, dakika zilezile kila mara, na uandike ua alilokutwa nalo. Vielelezo vyenye nywele vioshwe na kukaushwa kabla ya kuchomwa pini, kwa kuwa nywele zilizoganda huficha alama zote nilizozitaja, na pini ipite kulia kidogo kwa mstari wa katikati ya kifua ili upande mmoja ubaki mzima. Lebo iwe na mahali, majira-nukta, tarehe, mkusanyaji na ua. Msimbo wa jeni wa COI, kipande kifupi cha DNA kinachotumiwa kutofautisha spishi, hurahisisha mengi, lakini spishi zilizoachana karibuni huweza kuwa na msimbo mmoja, na bakteria wa Wolbachia huweza kuuchanganya. Picha nzuri inatosha kwa jenasi nyingi. Kwa Andrena na Lasioglossum mara nyingi haitoshi, na ni afadhali kuandika jenasi peke yake kuliko kubandika jina la spishi lililokisiwa, ambalo baadaye hakuna wa kulirekebisha.

Mraba wa mchanga ukikaa msimu mzima bila tundu, usiufukue. Mara nyingi nyigu ndio huanza: kwanza Bembix au Cerceris mmoja mmoja, na kilima kidogo cha punje mpya pembeni mwa shimo lenye upana wa penseli. Andika tarehe, pima kipenyo cha shimo, subiri jike arudi, utazame amebeba nini.